Geji ya Oili Yasema Nini, na Yaweza Kusadikiwa Kiasi Gani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya madereva, mafundi na wafanya kazi wengine wa tawi letu. Yachapishwa hapa kwa sababu wengi waliokuwa zamu siku ile waliomba kuipata.)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kitu kidogo kilicho mbele ya dereva, yaani geji ya presha ya oili. Sisi wa karakana tumeombwa kwa sababu habari za geji hii hutufikia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni dereva anayekuja mbio, asema mshale umeanguka, na ataka kujua kama aweza kumaliza safari. Njia ya pili ni barua. Barua hiyo husema kwamba injini imekufa, kwamba geji ilikuwapo, kwamba dereva hakuitazama, na sasa aeleze kwa nini asikatwe mshahara au kuachishwa kazi. Mmeona basi kwamba si maneno ya mafundi peke yao. Ni maneno ya unga na karo za watoto.

Tutasema "oili" kama tusemavyo kazini, tusije tukaichanganya na mafuta ya tangi. Na presha tutaihesabu kwa paundi kwa inchi ya mraba. Geji nyingine zimeandikwa bar, nyingine kilopaskali, na magari ya zamani ya Japani kilo kwa sentimita ya mraba. Bar 1 ni kama paundi 14.5, na kilopaskali 100 ni bar 1. Kilo 1 kwa sentimita ya mraba ni paundi 14.2. Dereva aliyezoea kuona 50 akihamishiwa gari linaloonyesha 3 na nusu, asishtuke, maana ni presha ile ile.

Kwanza yafaa tuondoe jambo moja vichwani. Watu wengi hudhani kwamba geji hupima wingi wa oili katika injini. Sivyo. Wingi hupimwa kwa kile kijiti ambacho dereva hukivuta asubuhi na kukipangusa. Geji yapima nguvu ya oili ndani ya njia yake, tena mahali pamoja tu, pale ilipofungwa. Injini yaweza kuwa imepungukiwa na oili galoni nzima na mshale usijulishe mtu, mpaka siku pampu inapovuta hewa badala ya oili. Hapo mshale waanguka ghafula, na mara nyingi gari likiwa mteremkoni au kwenye kona, oili ikiwa imekimbilia upande mmoja wa sampu. Ukiona mshale wacheza kwenye kona na kurudi mahali pake barabara ikinyooka, usingoje kesho. Simama utazame kijiti.

Sasa hiyo nguvu yatoka wapi? Pampu huzungushwa na injini yenyewe, nayo huchota oili kutoka sampu kupitia chujio, ikaipitisha kwenye filta na kuisukuma katika njia kuu, na kutoka huko kwenda kwenye beringi za krenki na kwingineko. Kila mzunguko pampu hutoa kipimo kile kile. Lakini pampu haitengenezi presha peke yake. Pampu hutoa mwendo wa oili, na presha huja kwa sababu oili yakuta njia nyembamba. Mtu anyweshaye bustani kwa mpira akiuziba mdomo kwa kidole, maji yaruka mbali kwa nguvu, lakini ndoo ataijaza polepole kuliko mwanzo. Nguvu imezidi, maji yamepungua. Hivyo hivyo presha kubwa si lazima iwe habari njema. Njia ikizibwa mbele ya geji na uchafu au kwa kipande cha gasketi, mshale wapanda, na beringi iliyo nyuma ya uchafu ule yafa kwa kiu.

Njia nyembamba kuliko zote ni ile iliyo kati ya krenki na beringi zake. Nafasi hiyo mara nyingi ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Beringi zikilika nafasi yapanuka, na hapa hesabu si ya kawaida, maana nafasi ikiwa mara 2, oili ipitayo kwa presha ile ile huwa karibu mara 8. Ndiyo maana injini iliyochoka hupoteza presha ikiwa imepata moto na ikizunguka polepole, hali asubuhi ilionekana nzima kabisa. Pampu haiwezi tena kujaza mlango ulio wazi hivyo.

Na tusisahau joto. Oili ya 15W-40, ambayo malori mengi hutumia, ikiwa na joto la digrii 40 ni nzito kama mara 7 kuliko ikiwa na digrii 100. Kwa hiyo lori lile lile laweza kuonyesha 70 likiwashwa Limuru kwenye baridi, na 15 likingoja mzigo Voi saa nane mchana, na yote mawili yakawa sawa. Ili presha ya asubuhi isipasue filta, watengenezaji huweka valvu yenye springi. Presha ikipita kiasi springi yasukumwa, na oili iliyozidi yarudi. Springi hiyo ikichoka, au uchafu ukiizuia valvu isijifunge, presha yapungua ingawa pampu na beringi ni nzima. Tumeona injini ikifunguliwa yote kwa ajili ya kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mchele.

Mafundi wana kipimo chao cha kichwani, kwamba injini yenye moto ipate paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya dakika moja. Si sheria. Yafaa kwa mtu aliye njiani bila kitabu. Mwenye kitabu cha injini afuate kitabu, kwa maana injini nyingi za sasa zimetengenezwa kutumia oili nyepesi na presha ndogo kuliko za zamani.

Hapa twataka kuingiza habari ambayo watu wa reli wana haki ya kujivunia, kwa sababu ilitoka kwenye ekseli za reli. Mwaka 1883 chama cha mainjinia wa mitambo cha Uingereza kilitoa taarifa ya majaribio ya bwana mmoja aitwaye Beauchamp Tower. Alikuwa akipima msuguano wa beringi za ekseli kama zile za mabehewa. Akatoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili. Mtambo ulipozunguka, oili haikushuka, bali ilipanda na kumwagika kwenye tundu lile. Akalitia kizibo, na kizibo kikasukumwa nje. Ndipo akafunga geji, na mshale ukapita paundi 200, hali mzigo uliokuwa juu ya beringi kwa wastani ulikuwa kama 100 tu. Hapakuwa na pampu. Ekseli yenyewe ilikuwa ikiivuta oili na kuibana chini ya mzigo, mpaka chuma kikaelea juu ya oili bila kugusana na chuma chenzake. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akalieleza jambo hilo kwa hesabu, na hesabu zake zatumika hata leo.

Twasema haya ili mjue geji ya dashibodi inajua nini. Paundi 40 ziandikwazo pale hazibebi krenki. Kinachoibeba ni ile nguvu ambayo krenki yenyewe huitengeneza ikizunguka, nayo ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya pampu. Paundi 40 zatujulisha kwamba oili imefika mlangoni, basi. Oili ikikosa kufika, hakuna cha kubana, na chuma chakutana na chuma. Injini yaweza kuharibika katika dakika chache, na kwa mwendo wa kasi yaweza isitimize hata dakika moja.

Sasa tutazame geji yenyewe, maana ziko za namna mbalimbali na kila moja ina uongo wake.

Ya zamani ni ile ya paipu ya Bourdon. Eugène Bourdon alikuwa fundi wa mitambo huko Paris, na hati yake ya uvumbuzi ni ya mwaka 1849. Ndani ya geji mna paipu nyembamba iliyobanwa kidogo na kukunjwa kama mundu. Mwisho mmoja umezibwa, na mwingine waingiza presha. Presha ikiingia, paipu iliyobanwa yataka kuwa duara, na ikitaka kuwa duara yajinyoosha. Ule mwisho uliozibwa wasogea kidogo sana, lakini kuna kijiti na meno yanayoukuza mwendo huo mpaka mshale uzunguke. Hapana umeme wala betri. Wazee wetu walioendesha stimu waliijua vema. Garratt za klasi ya 59, zilizotengenezwa Manchester mwaka 1955 na 1956, boila zake zilifanya kazi kwa paundi 225, na geji iliyozipima ni ndugu wa tumbo moja na hii ya lori. Atakaye kuona ukubwa wa gari lenyewe na aende makumbusho ya reli hapa Nairobi, akaitazame namba 5918, Mount Gelai.

Katika lori la zamani au trekta, oili yenyewe hupanda kwa kipaipu chembamba mpaka kwenye dashibodi. Geji kama hiyo haina siri nyingi. Ila hewa ikinaswa ndani, au asubuhi oili ikiwa nzito, mshale huchelewa. Na kipaipu kikikatika, oili ya moto humwagika miguuni mwa dereva. Kwa hiyo asiwepo mtu anayekifunga kwa kamba ya plastiki karibu na paipu ya ekzosi, kama tulivyoona mara nyingi.

Ya pili ni ya umeme, nayo ndiyo iliyo nyingi. Sensa imefungwa kwenye injini. Ndani yake kuna kiwambo chembamba ambacho presha hukisukuma, nacho husogeza kidole juu ya waya yenye ukinzani wa umeme. Ukinzani ukibadilika, umeme wabadilika, na mshale wasogea. Kwa maneno mengine, mshale haujui oili. Waujua umeme tu. Kitu chochote kinachobadilisha umeme chaweza kuusogeza mshale bila oili kujua.

Na hapa pana jambo ambalo kila dereva na kila mjumbe wa chama yafaa alishike. Sensa nyingi za Ulaya zina ukinzani wa omu 10 presha ikiwa sifuri, na zaidi ya 180 presha ikiwa juu kabisa. Sensa nyingi za Marekani ni kinyume chake, yaani 240 kwa sifuri na 33 kwa juu. Basi fikirini waya ikikatika. Kukatika ni ukinzani usio na mwisho. Katika gari la namna ya Marekani, mshale waanguka sifuri, dereva ashtuka na kusimama, na hasara ni ya muda tu. Katika gari la namna ya Ulaya, mshale wapanda mpaka mwisho na kukaa huko. Injini yaweza kufa bila oili na geji ikaendelea kusema kwamba presha ni tele. Na fundi akichukua sensa ya namna moja akaifunga kwenye geji ya namna nyingine, kwa kuwa skrubu yake imekubali, geji hiyo itasoma nyuma mbele.

Tukisema skrubu, tuongeze neno moja. Sensa nyingi za Japani na Uingereza zina meno 28 kwa inchi, na za Marekani meno 27, katika ile saizi ndogo ya thumuni ya inchi. Huingiana mizunguko miwili mitatu, halafu hukaza. Asiye na subira huongeza spana ndefu, na nyumba ya filta yapasuka. Wengine hufungia utepe mweupe wa mabomba ili isivuje. Lakini sensa yenye waya mmoja hupata ethi yake kwenye meno hayo hayo ya chuma. Utepe ukizidi, ethi yakosekana, na mshale huanza kusema mambo yasiyokuwepo. Na ukiona geji ya tangi, ya joto na ya oili zote zapanda na kushuka pamoja, usiilaumu oili. Tazama umeme kwanza.

Mtu ataka kujua, je, geji ikiwa nzima kabisa, yasema kweli kiasi gani? Geji za viwandani hupewa daraja. Geji ya daraja la 2.5 yaruhusiwa kukosa asilimia 2.5, lakini si ya kile unachokisoma, ila ya mwisho wa uso wake. Ikiwa uso umeandikwa mpaka 100, yaweza kukosa paundi 2 na nusu mahali popote. Ukisoma 60, kosa hilo si kitu. Ukisoma 10, ni robo nzima. Na kumbukeni kwamba pale kwenye 10 ndipo tunapobishania uhai wa injini. Hii ni geji iliyopimwa na kupewa cheti. Geji ya dashibodi haina cheti cha namna hiyo, na ile ya umeme ina makosa mawili yaliyojumlishwa, la sensa na la geji yenyewe. Mtu akiandika katika ripoti kwamba presha ilikuwa "paundi 12" kwa kutazama geji ya dashibodi iliyo na namba tatu tu usoni, ameandika kitu ambacho geji haikusema.

Hata mahali pana neno lake. Geji hupima tofauti kati ya presha ya ndani na hewa iliyotuzunguka. Mombasa hewa yasukuma kwa kama paundi 14.7, na Nairobi, kwa sababu ya urefu wa nchi, ni kama 12. Geji ambayo nyumba yake ina tundu la kupumulia haidhuriki. Lakini ile iliyojazwa gliserini na kuzibwa kabisa ikiwa pwani, ikifika Nairobi yaweza kukosa paundi 2 na nusu hivi. Kwa boila ni kidogo. Kwa injini inayozunguka polepole ikiwa na moto, si kidogo. Ndiyo maana geji za namna hiyo huwa na kizibo kidogo cha mpira juu, nacho hufunguliwa kidogo ili ipumue.

Halafu ziko geji ambazo twaweza kuziita za mapambo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Ford walianza kuweka katika magari yao kadhaa sensa ambayo ni swichi tu. Presha ikipita paundi chache, swichi yajifunga, na mshale wasimama katikati na kukaa hapo, iwe 10 au iwe 60. Mazda nao katika gari lao dogo la MX-5 walitoa geji ya kweli mwaka 1995, wakaweka ya namna hiyo. Wenye magari walikuwa wakiona mshale ukipanda na kushuka na joto, kama inavyopasa, nao wakidhani pana ubovu. Basi wakapewa mshale usiosogea. Sisi twaona ni afadhali taa, kwa maana taa haijifanyi kujua zaidi ya inavyojua. Taa nyekundu huwaka presha ikishuka mpaka kati ya paundi 4 na 7 hivi. Ikiwaka injini ikiwa inakimbia, si onyo la mbali. Ni habari kwamba mambo yamekwisha kuharibika au yataharibika sasa hivi. Zima injini. Wala dereva asiseme, "Huenda ni sensa." Huenda ni sensa kweli, lakini sensa yanunuliwa kwa noti chache, na krenki haina bei hiyo. Mabishano na yafanywe injini ikiwa imezimwa.

Injini za dizeli za reli zina nafuu kuliko lori, kwa sababu nyingi hazingoji macho ya mtu. Gavana yake huhisi presha ya oili yenyewe, na ikishuka chini ya kiasi kilichowekwa, huizima injini. Dereva akiiwasha tena mara ya pili na ya tatu bila kutafuta sababu, hapo ametoka katika ulinzi huo, na chama kitapata kazi ngumu kumsemea.

Sasa ile barua. Mwaka juzi mwenzetu mmoja, dereva wa lori la kuchukua vifaa vya njia ya reli, injini yake ilikufa kati ya Emali na Makindu. Mwajiri, ambaye hatutamtaja, alimwandikia kwamba geji ilimwonya naye akaendelea. Walitaka kumkata mshahara miezi mingi. Mjumbe wetu hakuanza kwa kubisha. Aliandika barua moja fupi, akaomba kwamba sensa, waya na geji visitolewe wala kutupwa mpaka vitazamwe mbele ya pande zote mbili. Jambo hilo ndilo lililomwokoa yule mtu, kwa kuwa injini ilikuwa tayari imepangiwa kufunguliwa, na vitu vidogo hupotea siku ya kwanza.

Tulipoitwa kutazama, tuliifunga sensa kwenye hewa ya kompresa pamoja na geji ya kupimia, tukaipa paundi 20, 40 na 60. Sensa ilikuwa nzima. Geji nayo ilikuwa nzima. Waya ndiyo iliyokatika, imesuguliwa na ukingo wa chuma mpaka ikaachana, na lori lilikuwa la ile namna ya Ulaya. Tena katika kitabu cha lori, siku tatu kabla, dereva alikuwa ameandika kwa mkono wake, "Geji ya oili yakaa juu mwisho hata injini ikiwa na moto." Mtu wa gereji alikuwa ametia sahihi chini yake, asifanye kitu. Geji haikumwonya dereva hata kidogo. Yeye ndiye aliyewaonya wao.

Sheria ilikuwa upande wake vile vile. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata kiasi kinachofaa kwa ajili ya mali iliyoharibika, lakini iwe imeharibika kwa makusudi ya mfanya kazi. Si kwa sababu tu alikuwa amekalia kiti siku ile. Na kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya mtu kuachishwa kazi kwa kosa, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mjumbe wa chama amchaguaye mwenyewe. Makato yalifutwa. Barua ya onyo ilikaa katika faili yake miezi mingine kadhaa kabla ya kuondolewa, na hilo mpaka leo twaona halikuwa haki.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana tusipousema tutakuwa tunawadanganya wenzetu. Yako makosa ya waya, na uko uzembe. Dereva asiyevuta kijiti asubuhi, asiyeandika kitu kitabuni, na anayepaka masizi kwenye taa nyekundu kwa sababu yamchoma macho usiku, huyo hatuwezi kumtetea kwa habari za omu. Hata chama hakina sensa ya kumfungia.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni hii. Ukiwasha swichi kabla ya kuwasha injini, taa ya oili lazima iwake na mshale uwe chini. Taa isipowaka, imeungua au waya haipo, na mshale ukiwa juu hali injini imelala, tayari umekwisha kuugundua uongo wake. Itakuchukua sekunde tatu. Injini ikiwaka, taa izime na mshale upande upesi. Ukiwa safarini, usiitafute namba. Ijue hali ya gari lako: mshale hukaa wapi injini ikiwa na moto, wapi kwenye kilima, wapi ikingoja. Geji isiyo na namba sahihi yaweza bado kuwa shahidi mzuri ikiwa yasema jambo lile lile kila siku, na siku ikibadilika una neno la kuandika. Andika saa, mahali, na injini ilikuwa na moto au baridi. Andika uliloliona, usiandike unalolidhani.

Fundi naye asiseme "geji mbovu" mpaka ametoa sensa na kufunga geji ya kupimia mahali pake, injini ikiwa imepata moto barabara, akasoma ikizunguka polepole na ikizunguka haraka, na kulinganisha na kitabu. Na hiyo geji ya kupimia yenyewe yapaswa kupimwa. Chombo cha kuipimia ni cha mizani: uzito unaojulikana juu ya pistoni ndogo yenye upana unaojulikana, na oili chini yake. Uzito ukigawanywa kwa upana, presha yapatikana, wala hapana ubishi. Geji ya kupimia iliyoangushwa sakafuni na kurudishwa kabatini bila kusema ni hatari kuliko ile ya dashibodi, kwa maana kila mtu huisadiki.

Bwana Mwenyekiti, twajua saa imekwenda. Tumeleta geji moja ya Bourdon iliyokatwa uso, na sensa mbili, moja ya kila namna, pamoja na betri na kompresa ndogo ya mkono. Ziko mezani pale nyuma. Wajumbe wa gereji na waanze, wakaikate waya wenyewe waone mshale waenda wapi.